Chumvi Isiyoshika Moto

Faustina alifia Igowole, ndani ya kibanda chake cha kuchaji simu. Betri ilipasuka, kimiminika chake kikalipuka, na moto ukaziba njia ya mlangoni. Tangu wamzike, mama yake, Devota, hakukubali betri ivuke kizingiti chake. Hata simu aliiacha kwa jirani.

Dada wa marehemu, Severina, alikuwa akisomea uzamivu wa kemia Mbeya. Aliporudi kutoka msibani aliacha utafiti wake wa awali, akaanza kutafuta kitu kigumu cha kuweka mahali pa kile kimiminika. Alikipata katika chumvi moja laini kama nta. Ikipata joto, molekuli zake hujizungusha palepale zilipo bila kuhama, na katika kuzunguka huko huziachia ioni za lithiamu, yaani chembe zinazobeba umeme, upenyo. Umeme hupita, na chumvi hubaki yabisi. Severina aliishikia kiberiti mara nyingi. Haikuwaka.

Mwezi wa saba alikwenda nyumbani Mufindi na betri ndogo aliyoiunda mwenyewe, pamoja na taa yake. Akamweleza mama yake yote, taratibu, wakiwa wameketi barazani. Devota alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Angekuwa nayo hii, mwenzako angekuwa hai?"

"Ndiyo, mama."

Devota akamwambia aiingize ndani.

Severina akaiunganisha mezani. Taa haikuwaka. Akakaza nyaya, akajaribu tena, bure. Ndipo alipoelewa. Maabarani aliipima kwenye vuguvugu, na baridi ya Mufindi ilikuwa kali kuliko alivyokisia. Molekuli zilikuwa zimetulia tuli, na ioni hazikuwa na pa kupita. Akainyanyua ili akaipashe joto jikoni.

Mama yake akamdaka mkono.

"Usiipeleke kwenye moto," alisema.

Severina akaiweka chini. Msibani alikuwa amejikaza kwa ajili ya wengine; sasa alilia kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake, na mama hakumbembeleza, kwa kuwa naye alikuwa akilia.

Kesho yake, Severina alipokuwa akifunga mizigo kurudi Mbeya, Devota aliomba aachiwe ile betri. Aliifunga katika kitenge cha Faustina, akaenda kuilaza juu ya kitanda cha marehemu.