Sanamu Kumi na Tano

Mtoto wa chini ya miaka mitano anayeweza kunitoa jasho hajazaliwa. Nililisema hilo Jumatano asubuhi, nimesimama mbele ya kioo cha shangazi yangu, nachana nywele. Nina cheti cha kidato cha nne, nina sauti, nina kiuno kinachotii amri. Watoto kumi na tano wa chekechea wangenifanya nini?

Shangazi hakunijibu, maana hakuwa na sauti ya kunijibia. Miaka tisa amewafundisha watoto muziki katika shule ile ile, na wiki hiyo mafua yakamkaba koo mpaka akabaki anatoa mlio wa mlango usiotiwa mafuta. Siku hiyo hiyo, saa nne, mwenye shule alikuwa aje kuamua kama kipindi cha muziki kibaki, au chumba kitiwe madawati watoto wakae chini waandike herufi. Kipindi kikiondoka, shangazi anaondoka nacho. Ndiyo maana macho yake yalikuwa mekundu, na hayakuwa mafua peke yake.

Alinipa karatasi mbili za maelekezo. "Soma zote," akakwaruza.

"Shangazi, tulia. Mimi nilikuwa nguzo ya kwaya sekondari."

Binti yake wa miaka minne, tunayemwita Kifungo kwa sababu aliwahi kumeza kimoja, akashusha kikombe cha chai. "Mama, si ulisema alifukuzwa kwaya?"

"Wewe kunywa chai," nikamwambia.

Karatasi ya kwanza niliisoma njiani, huku Kifungo akinivuta mkono. Ya pili niliipangusia viatu mlangoni pa shule. Mwenye shule ni mtu wa kutazama viatu kabla ya uso, na mimi si mtu wa kuaibisha ukoo.

Maelekezo yenyewe yalikuwa mteremko. Ngoma ikienda mbio, watoto ni kuku. Ikienda taratibu, ni kobe. Ikipigwa kwa uzito, ni tembo. Ikinyamaza, kila mtu sanamu. Chini kabisa shangazi alikuwa ameandika: "Hawajui kusoma, lakini masikio yao yanasoma."

Basi nikapiga. Kuku wakatimka. Kuku wawili walinipanda mgongoni, mmoja akataga kiatu chake ndani ya ngoma. Nilipogeuza mapigo kuwa ya tembo, tembo mmoja alikanyaga kidole changu cha mguu kwa makusudi, nikamwona akicheka. Kulikuwa na kijana wa miaka mitatu anayeitwa Mzee, kwa sababu hutembea mikono nyuma kama anakagua shamba. Huyo alikuwa kobe muda wote, ngoma iende mbio isiende. Dakika ishirini tu, shati limenigandia mgongoni. Lile jasho nililosema hajazaliwa wa kunitoa, nililikamua kwenye kola.

Nikainyamazisha ngoma. Pum.

Kimya. Sanamu kumi na tano: mwingine mguu juu, mwingine mdomo wazi, Kifungo kajipinda kama mpini wa mwavuli. Nikaona raha. Nikakaa kwenye kiti, nikanywa maji, nikajipepea. Kumbe kazi yenyewe nyepesi hivi!

Saa nne kasoro dakika tano nikasimama. "Haya, imetosha. Tembeeni."

Hakuna aliyetembea.

"Mchezo umekwisha, jamani." Wapi. Nikapiga ngoma ya kuku. Hata unyoya. Nikamtekenya mmoja kwapani, akavimba mashavu kwa kicheko, lakini hakusogea. Hapo nikakumbuka ile karatasi ya pili, na vumbi la viatu vyangu, na tope.

Nikajaribu wimbo wa shule yangu ya zamani, beti zote mbili. Nikajaribu wimbo wa tangazo la sabuni.

"Siyo huo," akasema Kifungo bila kufungua meno.

"Kumbe kuna wimbo wa kuwafungulia? Ni upi, binamu yangu mzuri?"

"Sanamu hazisemi."

"Si umesema sasa hivi!"

Akakodoa macho ukutani. Damu yangu mwenyewe.

Mlango ukafunguka. Mwenye shule akaingia, miwani kwenye ncha ya pua, na nyuma yake fundi seremala na futi yake ya kupimia, tayari kwa madawati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akatazama viatu vyangu, kisha watoto. "Mwalimu, hii ni nini?"

"Hii, mama, ni... utulivu."

Fundi alimzunguka Mzee mara mbili, akamgonga kidogo begani. "Mama, hawa ni wa mbao?"

"Nimesikia huku kuna muziki," mwenye shule akasema. "Mbona sisikii kitu? Fundi, anza ukuta ule."

Futi ikafyatuka. Nikaona miaka tisa ya shangazi ikipimwa kwa sentimita, na mimi nimeishika ngoma kama sufuria la kuazima. Nikafungua mdomo nijitetee. Ndipo nikauona uso wa Mzee.

Kama umewahi kuishi na mtoto mdogo, unaujua uso ule. Jicho linaangalia mbali, magoti yanakutana, mdomo unakuwa kitundu. Mzee alikuwa na haja, na Mzee alikuwa sanamu, na Mzee ni mtu wa msimamo.

Nikamkwapua. Alikuwa amekakamaa kama ubao, mikono nyuma vile vile. Nikatoka naye mbio, nimemkumbatia kifuani, na katikati ya ukumbi nikahisi uvuguvugu unateremka kwenye suruali yangu, unaingia mpaka kwenye soksi.

"Mzee, si ungesema!"

Sanamu hazisemi.

Mlinzi wa getini akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaniazima suruali yake ya akiba. Mlinzi ni mfupi. Suruali iliishia kwenye ugoko. Nilikuwa bado nafunga mkanda mlangoni pa choo niliposikia sauti ya mwanamke ikitoka kule darasani, nzito, ikikosea tuni kidogo.

*Amka kidole, dole, dole,*
*amka bega, polepole,*
*amka kiuno, kizunguke,*
*sanamu zote zifunguke!*

Mzee, pale pale kando yangu, akatikisa kidole, kisha bega, kisha kiuno, akaanza kutembea.

Nikamfuata, nikachungulia dirisha la darasa. Mwenye shule alikuwa katikati ya chumba, miwani imeanguka, anazungusha kiuno, watoto wanamzunguka wakiimba kwa nguvu zote. Ofisi yake imepakana na chumba kile. Miaka tisa amekuwa akigonga ukuta kulalamikia kelele, na miaka tisa kelele zimekuwa zikimwingia; sanamu zilipokataa kumpisha fundi, zikamtoka. Aliishia kwenye mstari wa mwisho, akahema, akamgeukia fundi.

"Kunja futi yako."

"Madawati je, mama?"

"Nimeujua wimbo mzima na hakuna aliyenifundisha. Madawati tutaweka stoo. Imba tena, watoto, nimekosea bega."

Jioni nikafika kwa shangazi nikiwa na habari, na nikiwa na habari huwa sizitoi zikiwa uchi. Mezani nikamweleza jinsi nilivyowafungua watoto kwa wimbo wake, kwa sauti ya kwanza na ya pili kwa pamoja. Jinsi nilivyomkabili mwenye shule kwa hoja tatu, mpaka akaomba nimfundishe kuzungusha kiuno. Shangazi akashika kifua, machozi yakamlenga. Kipindi kimebaki! Akaniongezea chakula.

"Mama," akasema Kifungo.

"Kula, Kifungo."

"Mama, yeye alikuwa chooni na Mzee. Aliyeimba ni mwenye shule. Halafu hiyo suruali ni ya mlinzi, yake ina mkojo. Na karatasi yako alipangusia viatu."

Shangazi akainama chini ya meza, akatazama ugoko wangu kwa muda mrefu. Alipoinuka hakuwa na sauti ya kunigombeza, kwa hiyo akachukua mwiko, akagonga sufuria: ta-ta-ta-tam, ta-ta-ta-tam. Kisha akanyamaza ghafla.

Sijui nini kilinipata. Nikaganda, kijiko kiko njiani, mdomo wazi.

Shangazi akavuta pumzi, akajaribu kukwaruza mstari wa kwanza.

"Mama," akasema Kifungo, akivuta sahani yangu upande wake, "usimfungue."