Sentimita Kumi na Nne

Mafundi wengi huomba kazi imalizike upesi warudi nyumbani. Mongi, fundi wa printa, huu ulikuwa mwaka wa tisa anaomba kinyume chake, na aibu anaiona. Kila Novemba, zeituni zinapoanza kuvunwa upande wa mji wa Jebiniana, kinu cha mafuta cha Si Ridha, yaani Bwana Ridha, humpigia simu kwamba printa ya mizani imegoma tena. Basi Mongi huvaa shati la buluu lililopigwa pasi, hujipaka manukato nyuma ya masikio, hupanda pikipiki na kwenda kilomita arobaini. Pasi na manukato, kwa ajili ya mashine inayonuka mafuta na vumbi! Alidhani hakuna anayegundua. Mapenzi ni kikohozi, na pale kinuni hata wapakuaji wa magunia walishamsikia akikohoa.

Aliyekuwa akimfuata ni Hedia, mpimaji. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini kasoro, mwenye sauti ya kusimamisha malori. Ujana wake wote aliutumia kumwuguza baba yake mpaka alipomzika, kisha akahamia kwenye kile kibanda cha vioo kando ya mizani ya magari, akakitawala. Mongi alikuwa mgane kwa miaka kumi na miwili. Alimpenda Hedia tangu msimu wa kwanza, siku alipomkuta akimfokea dereva wa lori kwa kupanda mizani kwa kasi, na huku anamfokea, mkono mmoja unamkatia dereva yuleyule chungwa.

Lakini kumwambia? Thubutu. Miaka tisa alimweleza habari za utepe wa wino.

Mwaka huu simu ilikuja na habari mbaya. Si Ridha alikuwa amenunua kompyuta mpya, na kompyuta mpya haikuelewana na printa kuukuu.

"Nakupa mpaka Jumamosi, Si Mongi," alisema kwenye simu. "Ikishindikana, naitupa. Kuna viprinta vidogo vya karatasi za joto, zile zinazoandikwa kwa joto bila wino, na wanaoviuza wanaleta na fundi wao."

Na fundi wao! Mongi alikata simu akakaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Printa ikitupwa, atakwenda Jebiniana kufanya nini? Kununua mafuta? Nyumbani kwake alikuwa na mafuta hata ya kuogea.

Alhamisi asubuhi alimkuta Si Ridha mwenyewe kibandani, miwani kipajini, akiipigapiga kompyuta. Si Ridha alikuwa mtu mwema, ila aliamini kila kitu kipya kinajua zaidi. Hedia alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kifuani.

"Tazama anachotoa bibi yako," Si Ridha akasema akiielekezea printa kidole, akampa karatasi. Juu yake kulikuwa na alama na mikwaruzo mitupu, hakuna hata jina moja la kusomeka.

"Nani alichagua draiva?" Mongi akauliza. Draiva ndicho kile kifaili kinachoifundisha kompyuta lugha ya printa.

"Mimi. Nimetafuta jina lake kwenye orodha, halimo. Nikachagua linalofanana."

"Linalofanana ni la printa ya sindano ishirini na nne, Si Ridha. Hii ina sindano tisa. Unaiamrisha ipige kwa vidole isivyokuwa navyo."

"Sasa kama jina lake halimo si imekufa?"

"Haijafa!" Hedia akadakia. "Wewe ukikosa jina lako kwenye orodha ya harusi, tukuzike?"

Mongi alicheka mpaka akasahau alichokuwa akifanya. Kisha akaeleza, kwa sauti ya mtu anayejua anasikilizwa na yule anayetaka amsikilize. Printa zote za sindano za ukoo huu, alisema, zilirithi lugha moja kutoka kwa mzee wao wa zamani, na draiva ya yule mzee watengenezaji wa kompyuta hawajathubutu kuiondoa mpaka leo. Ukikosa jina la mjukuu, muite kwa jina la babu, ataitika. Akafungua kifuniko, akasogeza vijiswichi viwili ili printa nayo ikubali lugha ya babu, akashuka orodha mpaka chini kabisa, akachagua.

Printa ikanguruma, ikapiga tikitiki zake, ikatoa stakabadhi iliyonyooka: jina la mkulima, shamba, kilo za gari likiwa limejaa, kilo za gari likiwa tupu. Na kwa kuwa sindano hugonga kwelikweli, maandishi yalipenya kaboni hadi nakala ya tatu. Nyeupe ya mkulima, ya waridi ya rundo, ya njano ya kinu.

Ile ya waridi ndiyo roho ya kinu. Pale kila familia hukamuliwa zeituni zake peke yake, zisiguse za jirani, na karatasi ya waridi huchomekwa kwenye rundo mpaka zamu ifike. Rundo lisilo na karatasi halina mwenyewe, na watu wameshapigana kwa koleo kwa sababu hiyo. Karatasi za joto alizozitaka Si Ridha, karibu na mitambo ile ya moto, zingegeuka nyeusi kabla ya adhuhuri. Asiyekujua hakuthamini.

Kilibaki kitu kimoja. Kompyuta iliuliza urefu wa karatasi.

"Naomba rula," Mongi akasema.

Hedia akamletea rula na akabaki ameinama palepale kutazama, bega lake shubiri moja kutoka shavuni kwa Mongi, akinukia maji ya maua ya mchungwa. Mongi akaipima stakabadhi mara moja tu. Sentimita kumi na nne. Akaandika kumi na nne. Wakajaribu stakabadhi tatu, zote zikatoka mahali pake, na Si Ridha akaagiza mkate wa moto na bakuli la mafuta mapya yenye kuwasha koo. Mongi alirudi nyumbani usiku akiimba juu ya pikipiki.

Kesho yake saa sita mchana simu ikalia. Ni Hedia.

"Mongi, printa yako imelewa. Njoo."

Alifika akakuta foleni ya magari mpaka barabara kuu na kelele hata sokoni kuna nafuu. Stakabadhi za kwanza za asubuhi zilikuwa sawa. Ya ishirini imeshuka kidogo. Kufikia ya sabini, jina lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mstari wa kilo, na kilo zimekaa juu ya mstari wa kuchania, nusu huku nusu kule. Mzee Mbarka, bibi mmoja mfupi mwenye miti arobaini ya zeituni na ulimi wa miti mia, alikuwa akipunga karatasi yake dirishani.

"Hizi kilo za nani? Hapa nina jina bila miguu!"

"Ni zako, khalti, nakuandikia mwenyewe," Hedia akamtuliza kama anayemtuliza shangazi yake.

Mongi akainyoosha karatasi kwa mkono kwa kuzungusha kitasa cha pembeni, na printa ikaandika sawa tena. Si Ridha akashusha pumzi.

"Kumbe inarekebishika! Basi tufanye hivi, Si Mongi. Uwe unakuja kila siku mchana unainyoosha, mpaka msimu uishe. Chakula cha mchana juu yangu, na mafuta ya mwaka mzima. Unasemaje?"

Kila siku! Mpaka Februari! Moyo wa Mongi uliruka hata akaogopa utaonekana kupitia shati. Akasema atafikiria, akatoka nje kama mtu anayefikiria, na ukweli alikuwa anajizuia asicheke.

Tatizo la Mongi ni kwamba alikuwa fundi hodari. Hata akiwa amefurahi, mikono yake haikuweza kuacha swali bila jibu. Akachukua stakabadhi kumi ambazo hazijachanwa, akazilaza juu ya ukuta mfupi wa kinu, akazipima zote pamoja. Zingekuwa na sentimita kumi na nne kila moja, zingefika mia moja na arobaini. Zilipungua milimita tatu.

Akaelewa palepale, na masikio yakamwaka moto. Karatasi hizi hazikatwi kwa sentimita. Hukatwa kwa inchi, tano na nusu, na inchi tano na nusu ni sentimita kumi na tatu nukta tisini na saba. Sehemu ya unywele tu. Katika stakabadhi tatu za majaribio huioni, katika sabini inahamisha kilo za watu. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza! Na alijua kwa nini alilifanya. Alipima kwa jicho moja, la pili likiwa kwa Hedia.

Dawa yake ilikuwa kufuta tarakimu na kuandika nyingine. Dakika moja. Baada ya dakika hiyo, printa isingemhitaji tena.

Amor, mnyapara wa wapakuaji, mzee wa masharubu ya njano kwa tumbaku, alikuwa amekaa kwenye gunia akimtazama.

"Umeupata," akasema.

"Nimepata nini?"

"Ugonjwa wake. Uso wako umebadilika. Na mbona huendi kutibu?"

Mongi akazikunja zile stakabadhi kumi.

"Aa," Amor akasema, akavuta sigara yake taratibu. "Mwanangu, mficha uchi hazai."

"Mimi nina miaka hamsini na sita, Ami Amor. Kuzaa kumeshapita."

"Ndiyo maana nakwambia ufanye haraka."

Mongi akarudi hadi mlangoni mwa kibanda bado hajaamua. Akijidanganya kidogo, akajiambia hakuna anayeumia: atanyoosha karatasi kila siku, wakulima watapata stakabadhi zao, yeye atakula chakula cha mchana na Hedia. Ndani, Hedia alikuwa akizinakili kwa kalamu stakabadhi zilizoharibika tangu asubuhi, akikandamiza kwa nguvu ili maandishi yapenye hadi nakala ya tatu. Kidole chake cha kati kilikuwa chekundu na kimevimba. Mkulima mmoja dirishani alikuwa akilalamika kwamba fundi huyo ni tapeli, anaiacha mashine mbovu ili aitwe tena.

"Koma!" Hedia akamwambia bila kuinua kichwa. "Huyu si wa hivyo. Miaka tisa akisema imepona, imepona."

Mongi aliona aibu ambayo hajapata kuiona tangu azaliwe. Akaingia, akasema, "Niachie kiti kidogo," akafuta kumi na nne, akaandika kumi na tatu nukta tisini na saba. Akakaa pale mpaka jioni. Zilitoka stakabadhi mia moja na ishirini, na ya mwisho ilikaa sawa na ya kwanza.

"Lilikuwa kosa langu," akamwambia Hedia. "Nilipima vibaya. Sasa haitashuka tena."

"Haitaharibika?"

"Hii? Itatuzika sote. Labda utepe, na utepe unajua kuubadilisha mwenyewe."

"Kwa hiyo hatutakuita."

"Hamtaniita."

Hedia akaitazama ile printa, wala hakuonekana kuifurahia. "Basi hongera," akasema, akafunga dirisha kwa kishindo ambacho dirisha halikustahili.

Mongi alirudi nyumbani polepole, bila wimbo. Jumamosi hakutoka. Jumapili dada yake alimletea mchuzi wa samaki, akauacha ukapoa. Jumatatu simu haikulia. Alijua haitalia, aliirekebisha mwenyewe isilie, na bado kila saa aliitazama. Siwezi kusema ni lini hasa alipata ujasiri. Nadhani hakuupata. Alichoka tu kuwa mwoga.

Jumanne asubuhi alisimamisha pikipiki mbele ya mizani, katikati ya foleni, mikono mitupu. Printa ilisikika mpaka nje, tikitiki, nzima kabisa. Hedia akafungua dirisha.

"Nini kimeharibika?"

"Hakuna."

"Nani kakupigia simu?"

"Hakuna aliyenipigia."

Lori likapiga honi. Hedia hakuligeukia, na hilo lilikuwa halijawahi kutokea pale kinuni. "Sasa umekuja kufanya nini, Mongi?"

"Nimekuja kukuona wewe." Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, na wapakuaji wakaacha magunia yao. "Miaka yote hii nilikuwa nakuja kukuona wewe. Printa nilikuwa naipitia tu. Ukiniambia nirudi nilikotoka, narudi, na sitakusumbua tena. Ukikubali, dada yangu atakuja Ijumaa kuzungumza na kaka yako."

Hedia akachana stakabadhi, akampa dereva nakala yake nyeupe, akamwambia, "Pita." Alipogeuka, macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Miaka tisa," akasema, "nakungoja uje bila kuitwa."

Mongi, aliyeweza kuzungumzia utepe wa wino kwa saa nzima, akasogea tu hadi dirishani.

"Na Ijumaa ni mbali," Hedia akasema. "Aje Alhamisi."