Kamba Isiyoungwa

Mjomba alipiga alama ya chaki kwenye kamba ya chuma, akaiviringishia utepe wa gundi pande zote mbili za alama ili nyuzi zisifumuke, kisha akanyoosha mgongo.

"Mita thelathini na saba na sentimita themanini na nane. Washa msumeno."

Mwenye kuwasha msumeno ni mimi. Sikuuwasha.

Kamba ile ilikuwa moja tu, na tuliisubiri miezi minne. Ilikuwa itundikwe ukumbini kati ya nguzo mbili zilizoachana mita thelathini, ibebe taa nzito zilizopangwa kwa nafasi sawa, na katikati ishuke mita kumi na mbili. Kushuka huko sisi huita mlegeo. Kamba inayokaa juu ya vichwa vya watu haiungwi. Ikizidi unapunguza, ikipungua ni chuma chakavu, na jina la aliyepima huchakaa pamoja nayo. Aliyepima ni mjomba, kaka wa marehemu mama, fundi mkuu wa karakana. Watu wote humwita Mita, maana hajawahi kukosea.

"Umeme umekatika?" akauliza.

"Hapana, Fundi." Kazini namwita Fundi. "Naomba dakika chache nirudie hesabu."

Cheche, mchomeleaji wetu, akainua miwani yake myeusi. "Haya! Leo sikio linataka kuzidi kichwa."

"Lori liko getini," mjomba akasema. "Kanuni hii nimeachiwa na aliyenifundisha kazi. Miaka thelathini naitumia. Imekosea lini?"

"Haijakosea."

Nilisema kweli. Kanuni yake ilikuwa fupi: chukua upana, ongeza namba moja, toa nyingine, basi. Lakini kitabu changu chakavu, ninachokisoma saa ya chakula, kilinionyesha kwamba hicho ni kichwa tu cha mfululizo mrefu usio na mwisho, ongeza, toa, ongeza, toa. Kazi zetu zote zilikuwa na mlegeo wa sehemu moja ya kumi ya upana. Hapo namba ya tatu ni ndogo kuliko unene wa mstari wa chaki. Nani angehangaika nayo?

Leo mlegeo ulikuwa mkubwa, nami nikataka kuiona hiyo namba ya tatu. Nilichana boksi la misumari nikaandika. Kuongeza 12.80. Kutoa 4.92. Hapo ndipo mjomba alipoishia. Ya tatu: kuongeza 4.49. Kamba ikawa mita 42.38.

Tofauti ya mita nne na nusu! Nikadhani nimekosea, nikarudia. Ikatoka ileile. Nikaendelea, nikitumaini mbele itatulia. Kutoa 5.59. Kuongeza 8.20. Kutoa 13.32. Kadiri nilivyozidi kuwa mwangalifu ndivyo kamba ilivyozidi kuruka, mara mita 45, mara 32.

"Mwanamke huyu anapiga ramli," Cheche akasema, ila hakucheka.

Nikaacha kujumlisha. Nikagawa kila namba kwa iliyoitangulia, bila kujali kuongeza au kutoa. Nikapata 0.38, halafu 0.91, halafu 1.24, 1.47, 1.62. Mwanzoni kila namba ilikuwa ndogo kuliko mwenzake wa nyuma, na hapo ndipo mtu hudanganyika. Kitabu kinasema usitazame mwanzo, tazama uwiano huo unaelekea wapi. Nikatafuta unakoelekea: mlegeo gawa kwa upana, zidisha kwa nne, jibu lizidishe kwa lenyewe. Ukipata chini ya moja, namba hufifia na jumla hutulia. Ukipita moja, hakuna jumla. Kwa kamba hii nilipata 2.56.

Kwa hiyo mpaka ulikuwa robo. Mlegeo ukizidi robo ya upana, kanuni ya mjomba haikaribii urefu wowote. Wetu ulikuwa umezidi mbali.

Nilipoinua macho, mjomba alikuwa ameushika msumeno mwenyewe. Diski ikaanza kulia.

Nikaweka kiganja juu ya alama ya chaki.

"Toa mkono."

"Mjomba," nikasema.

Sijawahi kumwita hivyo karakanani. Alizima. Diski ilizunguka muda mrefu kabla ya kusimama.

"Sema."

"Kanuni ni nzima. Ila ina mahali pa kuishia, na leo tumepita. Sikuombi uniamini. Tuichore sakafuni, kwa kipimo cha moja ya kumi."

Cheche alifagia bila kuambiwa. Nilipiga mstari wa mita tatu, nikaweka nukta za mkunjo kila sentimita kumi na tano, na katikati nikashuka mita moja na sentimita ishirini. Mjomba alinipokonya chaki kwenye nukta ya nne, akaipima nukta hiyo upya, akanirudishia chaki. Tulilaza uzi juu ya nukta, tukaubana kwa nati moja moja. Dereva wa lori alipiga honi. Hakuna aliyegeuka.

Mjomba aliukata uzi kwenye ncha mbili, akaunyoosha kando ya utepe wa kupimia, akapiga goti. Akaupima tena.

"Mita nne," akasema. "Kasoro unywele."

Mita arobaini. Angekata, tungepungukiwa zaidi ya mita mbili.

Cheche alishusha pumzi. "Mimi nilisema tangu mwanzo huyu asikilizwe."

"Ulisema saa ngapi, mwongo wewe?" nikamuuliza.

Mjomba hakutuangalia. Alitoa daftari lake, akafungua ukurasa wa kanuni, uliochafuka kwa grisi. "Mpaka ni robo, siyo?"

"Robo."

"Na ikiwa robo kamili?"

"Hapo uwiano ni moja, na njia hii hainiambii kitu. Sijajua bado."

"Basi andika hivyo hivyo. Kwamba hujui."

Niliandika. Alifuta alama ya zamani kwa kidole kilicholowa mate, akapima kamba upya, akapiga nyingine mbele yake. Akaishika kamba kwa mikono miwili, pande zote za alama.

"Washa," akasema.