Tairi Nne za Mzee Walter

Likizo ya Aprili ilinikuta nikiwa na sifa mbaya katika kaunti mbili. Shuleni Migori nilikuwa nimebandika tangazo kwenye mlango wa bweni kwamba kutakuwa na ukaguzi wa masanduku saa nne asubuhi. Saa nne ilipofika nikasimama pale na kalamu nyekundu, na wasichana arobaini wakafungua masanduku yao bila kuuliza ni nani aliyenituma. Matroni naye alipanga foleni. Nyumbani Rangwe, likizo iliyotangulia, nilikuwa nimemwambia jirani yetu Mzee Walter kwamba serikali inaandikisha meno ya mbuzi, naye akamfikisha beberu wake kwa chifu kabla ya saa mbili. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba siku nilipohitaji kuaminiwa, sikuwa na akiba yoyote.

Naishi na mama mdogo, Phelesia, ambaye soko zima humwita Mama Levis. Ana Nisani moja ya viti kumi na vinne, iliyopakwa rangi ya manjano kama sheria inavyotaka, na kila asubuhi inabeba watoto kumi na saba wa chekechea hadi shule ya kibinafsi iliyo nje kidogo ya soko. Dereva ni Machuki, mtu wa Kisii, aliyeendesha magari miaka ishirini na anayeamini kwamba kioo cha pembeni ni pambo.

Jumatatu asubuhi mwalimu mkuu wa shule hiyo, Bwana Nyarangi, alileta barua kwa mkono wake mwenyewe. Cheti cha ukaguzi cha Nisani kilikuwa kimeisha muda. Shule ingefunguliwa Jumatatu ijayo, na kama kufikia Ijumaa hakungekuwa na cheti kipya, watoto wangepewa gari la mtu mwingine.

"Si mimi, Mama Levis," alisema. "Jambo likitokea, nitaulizwa mimi."

Mama Mdogo aliisoma barua mara mbili, akaitia ndani ya Biblia. Nisani hiyo ndiyo shamba letu, ndiyo duka letu, na ndiyo karo yangu.

Kufikia jioni tulikuwa na washauri wengi kuliko viti. Machuki alisema ukaguzi hufanywa Homa Bay, uwanjani, mkaguzi akija mara moja kwa mwezi, ila mwezi wenyewe haujulikani. Muuza samaki alisema ni Kisumu peke yake. Kijana wa bodaboda alisema Kisii, tena huko ana mtu. Rangwe kila mtu ana mtu. Niliwaacha wamalize, kwa heshima, kisha nikatoa simu ya Mama Mdogo, nikaingia kwenye mtandao wa serikali, nikaandika namba ya gari na kufungua mahali pa kuchagua kituo. Orodha ikashuka. Migori ilikuwemo, na ilikuwa na nafasi Alhamisi saa tatu asubuhi.

"Migori?" Machuki alisema. "Si ndiko shuleni kwako? Umetuchagulia mahali pa kwenda kumsalimia mpenzi."

"Nimewachagulia mahali penye nafasi. Mpenzi wangu ana gari lenye breki."

Mama Mdogo alikohoa. Niliongeza, kwa haraka inayofaa, kwamba sina mpenzi.

Jumanne nilichapisha masharti ya ukaguzi pale saiba, kwenye duka la kompyuta, nikavaa koti la kung'aa la yule kijana wa bodaboda, nikaikagua Nisani uani. Nilisoma kila kipengele kwa sauti ya mtu anayesoma wosia. Taa za mbele, zinawaka. Taa ya breki upande wa kushoto, imekufa. Waipa, moja inafuta na nyingine inatazama. Mtungi wa kuzima moto upo, lakini mshale wake umelala kwenye nyekundu. Mkanda wa kiti cha tatu umefungwa fundo.

"Hilo fundo ni la kuufupisha," Machuki alisema. "Watoto ni wafupi."

"Andika basi kwenye fundo kwamba ni la makusudi."

"Na wewe nani alikupa cheo, mwalimu?"

"Karatasi hii. Nenda ukanunue balbu."

Alinung'unika, lakini alikwenda. Kufikia saa nane taa ya breki ilikuwa inawaka, waipa zote mbili zilikuwa zinafanya kazi, mtungi ulikuwa umejazwa upya, na lile fundo la mkanda limefunguliwa. Nilijisikia kama waziri. Kisha nikafika kwenye tairi. Za mbele zilikuwa na meno. Za nyuma zilikuwa kipara kabisa. Nilisimamisha sarafu ya shilingi kumi mahali meno yalipotakiwa kuwa, nayo haikuzama hata kidogo.

"Hizo zisikusumbue," Machuki alisema. "Tutaazima za Walter."

Hapa sina budi kueleza desturi. Mzee Walter ana tairi nne ambazo hazijawahi kubeba mzigo wowote. Siku ya ukaguzi ikikaribia, mwenye gari huenda kwake na kuku au kilo mbili za sukari, akapewa zile tairi. Analivalisha gari lake, anakwenda kukaguliwa, anarudi, anazivua, anazirudisha, halafu anaendelea na vipara vyake mpaka mwaka ujao. Tairi hizo zimekaguliwa mara nyingi kuliko gari lolote ninalolijua, na hazijawahi kufeli.

Jumatano asubuhi tulikwenda sote watatu, Mama Mdogo akiwa na kuku kwapani. Mzee Walter alitufungulia stoo, akasogeza magunia ya mahindi, akazitoa moja moja kutoka kwenye vitambaa. Alikuwa amezipangusa kwa mafuta ya kupikia. Meno yalikuwa marefu, meusi, mazuri. Machuki alipiga mluzi.

Mimi nilichuchumaa. Usiku nilikuwa nimesoma yale masharti mpaka mwisho, kisha nikasoma kuhusu tairi, kwa hiyo nilijua pa kuangalia. Ubavuni, mwisho wa msururu wa herufi, kuna tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka tairi ilipotengenezwa. Hii ilisema 1907. Niliubonyeza mpira kwa kidole gumba, na nyufa zikafunguka chini ya yale mafuta kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu.

"Mama Mdogo," nilisema, "tairi hizi zimenizidi umri. Ni za mwaka wa elfu mbili na saba. Mpira umekauka, angalia."

Mzee Walter alicheka mpaka akashika mlango. "Nyathina, mwanangu, juzi ulinituma kwa chifu na beberu. Leo tairi zina siku ya kuzaliwa?"

"Tuziimbie basi," Machuki alisema. "Nani ameleta keki?"

"Ile ya beberu ilikuwa mzaha, Baba. Hii si mzaha."

"Hata ile uliniambia si mzaha. Uliapa."

Ni kweli, niliapa. Nilitazama huku na huku nikitafuta shahidi. Simu ingeweza kunisaidia, lakini mtu aliyewahi kubandika tangazo la uongo hawezi kumwonyesha mtu maandishi na kutegemea kuaminiwa.

Mama Mdogo alimweka kuku chini, akamkanyagia kamba. "Terry, niangalie. Nina leo na kesho tu."

"Najua, Mama."

"Ukinidanganya leo sitakupiga. Nitakuwa tu sina gari."

Ningependa kuandika kwamba nilitoa hotuba. Sikuwa nayo. Nilimgeukia Mzee Walter na kumuuliza kitu ambacho kwa kweli nilitaka kukijua.

"Baba, pikapu yako imevaa tairi gani?"

"Zangu za kawaida. Za nyuma zimeanza kuisha."

"Kwa nini huivalishi hizi? Si ndizo zenye meno marefu?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza mkewe ana uzito gani. "Hizi ni za kukaguliwa," alisema. "Si za kutembelea."

"Na mtu akizitembelea?"

"Ooyo, hapana. Lami ikipata joto zitaachana kama chapati."

Alilisema bila kufikiri, kama mtu anavyokwambia mto uko upande gani. Baada ya hapo hakuna aliyecheka. Machuki alikuwa tayari ameshika jeki.

"Machuki," Mama Mdogo alisema taratibu, "Jumatatu watoto wangepanda na tairi zipi?"

"Zetu, Mama. Hizi tungekuwa tumezirudisha."

"Zile kipara."

"Zile zile, Mama. Kama mwaka jana."

Mama Mdogo alikuwa akijua. Sote tulijua, hata mimi, niliyekuwa nimepanda gari hilo kwenda sokoni mara mia. Lakini hakuna aliyekuwa amelisema kwa mdomo mbele ya mwenzake. Mama Mdogo alimshukuru Mzee Walter, akamwachia kuku kwa sababu kuku aliyekwisha kutolewa harudi nyumbani, akatangulia njiani bila kutusubiri. Kufikia saa tisa alasiri dume lake la ng'ombe lilikuwa limeuzwa, limepata boma jipya Kosele, na sisi tulikuwa dukani tukichagua tairi mbili mpya. Alinifanya nisome tarakimu za kila moja kabla haijafungwa. Muuzaji alitaka kujua kama mimi ni polisi.

"Ni mbaya zaidi," Machuki alimjibu. "Yuko kidato cha tatu."

Alhamisi tulifika Migori saa mbili na nusu. Kituo kilikuwa uwanja wenye ukuta, shimo la kukagulia magari kwa chini, na foleni ya malori iliyofika barabarani. Mkaguzi wetu alikuwa mwanamke mfupi mwenye ovaroli ya buluu, jina limeshonwa kifuani: Nyatichi. Hakutabasamu wala kukunja uso. Machuki, ambaye huwafokea hata ng'ombe wa watu, aligeuka mwanakwaya.

"Washa taa."

"Ndiyo, madam."

"Kanyaga breki. Achia. Kanyaga tena."

"Ndiyo, madam."

Alishuka shimoni na tochi, akapanda. Akapima meno ya tairi kwa kijiti chenye alama, akasoma zile tarakimu nne, kweli alizisoma, nami nikamtazama Machuki mpaka akaangalia pembeni. Alikagua kidhibiti mwendo, mtungi wa moto, pembetatu za hatari, sanduku la huduma ya kwanza. Kila alipofika nilikuwa nimeshafika. Nilianza kufikiria kwamba labda wangeniajiri.

Kisha akaingia ndani ya gari, akavuta mkanda mmoja mmoja, akainama kwenye kiti cha nyuma.

"Gari hili lina viti vingapi vya abiria?"

"Kumi na vinne, madam."

"Na hiki?"

Alikuwa ameshika kibao kirefu kilichofunikwa kitambaa cha maua. Kila asubuhi Machuki hukilaza kati ya viti viwili, na watoto watatu hukaa hapo, miguu ikining'inia. Jumanne nilikisogeza kwa mkono wangu mwenyewe ili niangalie bolti za kiti. Masharti nilikuwa nimeyasoma mara tatu, na kibao sikukiona, kwa sababu kimekuwepo tangu nilijue gari lile.

"Mnabeba watoto wangapi?" mkaguzi aliuliza.

Nilikuwa na uongo tayari, uongo mzuri, wenye miguu minne: kwamba ni benchi la kanisa, tunalipeleka Rongo kwa seremala. Nilifungua mdomo. Mama Mdogo alinikanyaga.

"Kumi na saba," alisema.

"Kumi na wanne wana mikanda. Hao watatu wana nini?"

"Wana maombi yangu."

"Maombi hayakaguliwi hapa, mama." Alimpa Machuki kibao akishushe garini. "Gari lenyewe ni zima. Nimekagua mengi wiki hii, na hili limetunzwa. Lakini hiki kinabaki hapa, na mkikiweka kingine, cheti chenu ni karatasi ya kufungia mandazi. Kila mtoto na kiti chake."

"Nimesikia," Mama Mdogo alisema.

Tuliondoka na cheti. Machuki aliimba mpaka Awendo. Mama Mdogo hakuimba, na mimi nilijua ni kwa nini: makubaliano na shule yalikuwa ya watoto kumi na saba kwa safari moja, wote wawe darasani saa moja na nusu. Cheti tulikuwa nacho, na bado kazi ingeweza kutuponyoka.

Hakungoja Ijumaa. Tulifika ofisini kwa Bwana Nyarangi saa tisa, na vumbi la njiani bado kwenye viatu. Alikisoma cheti mbele na nyuma.

"Vizuri sana. Basi Jumatatu kama kawaida."

"Si kama kawaida, mwalimu," Mama Mdogo alisema. "Kuanzia Jumatatu ni safari mbili. Sitabeba mtoto asiye na kiti."

"Mama Levis, hao watatu wa safari ya pili, wazazi wao watasema tumewabagua."

"Tisa na wanane," nilisema. Wote wawili walinitazama. "Tisa waende kwanza, wanane wafuate. Hakuna watatu. Wiki inayofuata wabadilishane, samahani mwalimu."

Bwana Nyarangi aligonga kalamu mezani. "Na mafuta ya safari ya pili?"

"Ni yangu," Mama Mdogo alisema. "Na ukipata mwenye gari atakayewabeba wote kwa mara moja, mpe. Lakini muulize anawakalisha wapi. Ingia uangalie kwa macho yako."

Alitazama dirishani ambako Nisani ilikuwa imeegeshwa, tairi mpya zikiwa bado na vile vinyweleo vya mpira. Nadhani alikuwa anakumbuka ni mara ngapi aliwapokea watoto mlangoni na kuwahesabu wakishuka. Kisha akavuta karatasi, akaandika upya saa za kufika, ya kwanza na ya pili, akaipiga muhuri wa shule na kumkabidhi Mama Mdogo kwa mikono miwili.

Machuki alikuwa garini, kiti kimelazwa nyuma, kofia usoni. Mama Mdogo alimwambia kwamba kazi imebaki kwetu, na kwamba kuanzia Jumatatu ataamka saa kumi na moja alfajiri badala ya kumi na mbili. Machuki aliinuka polepole, akaniangalia mimi badala ya Mama Mdogo, akauliza kama na hilo limeandikwa kwenye ile karatasi yangu.

Nilimwambia limeandikwa, ukurasa wa pili. Akawasha gari.