Mkate wa Samaki

Nimepita miji mingi, nimeosha sahani, magari, hata maiti. Uzeeni nikaangukia kuosha vioo vya maabara, na mkuu wetu pale, tuliyembandika jina la Tone, sijaona wa kufanana naye.

Mezani palikuwa na matangi mawili ya samaki wadogo. Moja lina maji ya bomba la kiwanda linalomwaga baharini, yaliyochotwa kabla wenyewe hawajashtuka. La pili lina maji safi. Wa bomba wakifa na wa maji safi wakabaki hai, kiwanda kimeshikwa. Wakifa wote, jaribio linatupwa.

Shemeji yangu, mjane wa kaka yangu, alifuga chaza karibu na bomba lile. Wakafa wote. Alitaka lifungwe aanze upya, maana kazi nyingine hana. Akaja kutazama, nikampa kiti, nikaenda zangu kwenye ndoo.

Kesho yake wa bomba walikuwa chali. Shemeji akapiga kigelegele. Kugeukia la pili, maji yamekuwa kama uji, na samaki wanaelea.

"Mama," Tone akauliza kwa upole, "jana uliwapa nini hawa?"

"Mkate kidogo tu. Niliona wana njaa."

"Kwenye jaribio hawalishwi. Chakula kinaoza, maji yanawaua. Nilikuwa mlangoni nakuona. Ulivyokuwa unawamegea, utadhani wanao!"

"Uliniona?"

"Nikasema, acha mama wa watu afurahi."

Nikashindwa kunyamaza. "Bosi, si ungemkataza?"

"Wewe babu, osha vioo. Mwenye kiwanda kamwoa binti yangu. Nilikuwa na haraka ya nini?"

"Basi tuchote maji mengine," shemeji akasema.

"Kachote. Wameshasikia hao. Sasa hivi bomba lao linatoa maji ya kumnywesha mtoto mchanga."

Shemeji akatumbukiza mkono kwenye tangi la bomba, akawa anawakusanya maiti kiganjani. Tone akaruka, akamdaka kifundo cha mkono.

"Toa mkono, mama! Utababuka, sumu hiyo!"

"Kumbe unajua."

"Najua sana."

"Basi andika."

Tone akachukua kitambaa, akamfuta kidole kimoja kimoja, taratibu, kama anayemfuta mgonjwa.

"Kuandika siwezi. Jaribio limeharibika, na aliyeliharibu ni wewe."