Tundu la Tano

Pale mahakamani walimwita Kifungu, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Askari wa getini akimwona tu anakuja na mfuko wake wa nailoni uliovimba majalada, anaita, "Kifungu huyo! Leo cha ngapi?" Naye hutaja namba ya kifungu na sheria yake, bila hata kutabasamu. Alikuwa fundi viatu. Sheria hakuisomea hata siku moja. Mawakili wawili walimkimbia mwaka wa kwanza, na tangu hapo akajisimamia: akashtaki mwenyewe, akajibu mwenyewe, akashindwa mwenyewe. Mashauri kumi na tisa kwa miaka tisa! Alikishtaki kiwanda cha saruji, akamshtaki daktari aliyepima maiti, akamshtaki msimamizi wa zamu, na mwisho akamshtaki jaji aliyemwambia aache kushtaki. Asiyekubali kushindwa si mshindani, watu walimwambia. Aliwajibu kwamba yeye hakuja kushindana.

Mashauri yote hayo aliyapiga chapa binti yake, aliyekuwa na meza na kompyuta kwenye duka la fotokopi mkabala na mahakama. Baba alimletea maneno yameandikwa kwa kalamu ya bluu nyuma ya maboksi ya viatu, naye akayageuza kuwa hati. Hakulipwa, na bora angekosa malipo tu. Yule msimamizi wa zamu alikuwa mjomba wa mchumba wake. Siku hati ya wito ilipofika kwa mjomba, uchumba nao ukafika mwisho. Nani ataoa kwenye nyumba inayoshtaki wakwe?

Na chanzo chake ni sentensi moja. Mdogo wa kiume wa binti huyo aliangukiwa na rundo la mifuko ya saruji kiwandani, akafa papo hapo. Hukumu ya kwanza ikasema kofia yake ngumu ilimvuka kichwani kwa sababu mkanda wa kidevuni haukuwa wa kiwanda. Ni kweli haukuwa. Wa kiwanda ulikatika, kijana akaileta kofia nyumbani, na baba akamshonea mkanda mwingine wa ngozi. Ulikuwa na matundu manne. Akautoboa la tano kwa msumari, maana mwanawe alikuwa na kidevu chembamba kama cha marehemu mama yake. Kwa hiyo ukiisoma hukumu vizuri, baba ndiye aliyeua. Mzee aliisoma vizuri.

"Mkanda haukukatika wala haukufunguka," aliandika katika kila shauri. "Hadi leo umefungwa tundu la tano. Kilichopasuka ni kofia."

Hakuna aliyemsikiliza. Akapaza sauti, akamwita jaji kipofu wa kununuliwa, akaonywa. Hatimaye mahakama ikamtangaza msumbufu na kumpiga marufuku kufungua shauri lolote bila ruhusa. Baada ya wiki mbili likafunguliwa shauri la ishirini, kwa jina la binti yake. Binti alijua habari hiyo pale dukani, wito ulipomkuta mezani akimhudumia mteja. Chini ya hati kulikuwa na saini yake, mkia wake na nukta zake, na wala hakuwa ameitia. Alicheka, kisha akaingia chumba cha karatasi akalia mpaka mteja akaondoka.

Safari hii nitasema kweli, alijiapiza. Akafungwe. Labda huko atapumzika, na mimi nipumzike.

Asubuhi ya kusikilizwa, karani wa masjala alimvuta pembeni kwenye korido.

"Dada, utasema nini kuhusu saini?"

"Nitasema si yangu."

"Haki yako." Karani akajikuna shingo. "Lakini unajua kwa nini mzee hafungi haya mashauri?"

"Ubishi."

"Mwenye shauri lililo hai anaruhusiwa kukagua vielelezo. Likifa, haruhusiwi. Kofia ya mdogo wako iko kwetu stoo, huko chini. Kila Ijumaa anajaza fomu, anapewa robo saa. Hafanyi kitu. Anaipakata tu. Anahesabu matundu ya mkanda kwa kidole, moja mpaka tano, anarudisha, anasema asante."

"Si angeiomba?"

"Aliiomba. Shauri la sita. Wakasema ni mali ya kiwanda, itarudi kwa mwenyewe kesi zikiisha."

La sita. Alilipiga chapa yeye mwenyewe, vidole vikikimbia na akili ikiwa kwingine. Miaka tisa alikuwa mkono wa baba yake, na hakuwahi kusoma alichokiandika. Aliona haya.

Akapanda kizimbani, akaapa. Jaji alikuwa mama mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Akamwonyesha hati.

"Saini hii ni yako?"

Binti akamtazama baba yake. Kola ya shati lake ilikuwa imepigwa pasi upande mmoja tu.

"Ni yangu, Mheshimiwa."

"Umeapa. Unajua adhabu ya kusema uongo ukiwa chini ya kiapo?"

"Najua. Ni yangu."

"Napinga!"

Mzee alikuwa amesimama, mfuko wa nailoni kifuani. Watu wakaangua kicheko. Hata askari alishindwa kujizuia.

"Unapinga nini, mzee?" Jaji akauliza. "Huyu anakutetea."

"Napinga ushahidi wake, Mheshimiwa. Ni wa uongo. Saini niliitia mimi, usiku, kwa kuiga ile ya kwenye kitambulisho chake. Yeye hakujua. Asiguswe."

Kicheko kikakatika. Kwa miaka tisa mtu huyu hakuwahi kukiri kitu, hata tarehe.

"Iandikwe hivyo," jaji akamwambia karani wake, polepole. Kisha akatoa amri: mzee miezi mitatu gerezani kwa kudharau mahakama, shauri la ishirini limefutwa, na vielelezo vyote virudishwe kwa wenyewe siku hiyo hiyo.

Karani wa masjala alimkuta binti ngazini. "Amri haijapigwa muhuri," akanong'ona. "Mpaka ipigwe, shauri bado ni lako. Jaza fomu upesi."

Stoo ilinuka karatasi na panya. Kofia ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani, ya njano, na ufa ukitoka utosini hadi sikioni. Mkanda ulikuwa mzima. Bado ulikuwa umefungwa tundu la tano, lile lisilolingana na wenzake, lililotobolewa kwa msumari. Akaipakata. Akahesabu kwa kidole, moja mpaka tano. Akaanza tena.

Alikuwa amefika tatu mtu wa kiwanda alipoingia na ile amri, sasa imepigwa muhuri. Hakuwa mtu mbaya. Alisema pole, akasaini, akakumbatia majalada ya kiwanda ya miaka tisa mpaka yakamfika kidevuni. Akaiangalia kofia, akaangalia mikono yake iliyojaa, akayatua majalada. Akaichukua kofia mikononi mwa binti, akaufungua mkanda. Ngozi ilikuwa imekauka, ikalia kidogo. Akaivaa kofia, akafunga mkanda tundu la pili, maana kidevu chake kilikuwa kinene, akabeba mzigo wake akapanda ngazi.

Binti alikuwa amepiga chapa neno "napinga" mara mia na zaidi. Siku hiyo halikutoka.

Alimkuta baba yake nyuma ya jengo, kwenye dirisha la nondo la mahabusu. Walikuwa wamemvua mkanda wa suruali, ameishika kwa mkono.

"Karani kaniambia umeshuka chini," akasema. "Umeiona?"

"Nimeiona, baba."

"Mkanda?"

"Umefungwa."

"Tundu la ngapi?"

"La tano."

Baba akamtazama usoni, kwa muda mrefu. Asubuhi ile ile alikuwa amemkamata akisema uongo mbele ya watu, akasimama akapinga. Binti akashika nondo, akangoja apinge tena.

"Basi iandikwe hivyo, mwanangu," mzee akasema, akageuka kupanga foleni ya gari la magereza.