Askari wa Matildah

Matildah Mulenga alikuwa akigeuza chisense, wale dagaa wa Ziwa Mweru, kwenye mchanga wa Nchelenge, askari wa kwanza alipotoka chini ya kitenge chake. Ilikuwa mwaka 1956, asubuhi yenye jua zuri la kuanikia. Askari alikuwa na urefu wa kidole, amevaa nyeupe, na mgongoni amembeba mwenzake aliyekufa. Wengine wakamfuata. Matildah alisogeza samaki wapate pa kupita, maana chisense wakikanyagwa kabla ya kukauka hawauziki.

Tangu juma lililopita mkojo ulikuwa ukimchoma, na nguo yake ya ndani ikilowa majimaji ya njano. Alikuwa akiifua kwa kujificha, akidhani ni uchafu. Sasa alipoona askari walikotoka, alijua yale majimaji si uchafu: ni maiti za waliompigania.

"Jambo, mama," alisema kapteni wao. "Tunaomba mahali pa kuzika bantu betu."

"Banakufa sababu gani?"

"Adui ni mujanja. Tunamumeza, anabakia muzima ndani ya tumbo yetu. Tukizoea nguo yake, anavaa ingine."

"Na aliingia namna gani?"

"Na bwana yako, siku alirudia kutoka Elisabethville."

Kapembwa, mumewe, alikuwa akivusha samaki kwenda kuuza huko Kongo. Yeye alikwisha kudungwa sindano kwa siri, akapona, asimwambie mkewe neno.

Matildah aliwaonyesha mahali nyuma ya tanuri la kukaushia samaki, akawapikia uji wa muhogo. Makaburi yalipofika safu ya tatu majirani waliyaona, na wazee wa kanisa wakamwita.

Kapteni alifuatana naye, akapanda juu ya benchi.

"Kanisani tunavua kofia," alisema Mzee Chishimba.

Kapteni akavua, akaeleza adui alivyoingia na aliingia na nani. Wazee walimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulibatizwa?" akauliza Mzee Chishimba.

"Hapana, mzee. Sisi tunazaliwa ndani ya mufupa."

"Basi ushahidi wako hatuwezi kuupokea."

Wakaamua kwamba Matildah ameleta uchafu katika nyumba ya mumewe. Asiimbe tena kwaya, asikaribie meza ya Bwana. Kapembwa, kwenye benchi la mbele, alikuwa akitazama viatu vyake. Matildah akasimama, akafunga kitenge vizuri.

"Mzee, hii munaita uchafu ni bale banakufa kwa ajili yangu. Mimi sina haya nabo hata kidogo."

Mzee Chishimba alimshukuru kwa maneno yake, akamwomba Kapembwa afunge kwa sala. Kapembwa aliomba vizuri sana.

Kesho yake Rodwell wa zahanati alimdunga Matildah penisilini. Askari waliingia vitani pamoja na dawa, na baada ya siku chache wakatoka wakiimba, wamechafuka mpaka magotini, hakuna aliyebeba maiti.

"Tumeshinda," alisema kapteni. "Lakini sura yake hatukuishika, mama. Akirudia, tutamuona kama mugeni."

Jioni hiyo Matildah alimkuta mumewe akifunga mizigo ya samaki wa safari.

"Ukirudia, upite kwa Rodwell kwanza," alimwambia. "Halafu uingie nyumba."

"Mwanaume hakaguliwi kama samaki," alijibu Kapembwa, akaendelea kukaza kamba.

Jumapili, kabla Kapembwa hajaondoka, Matildah alivaa blauzi yake ya kwaya, akasimama nje penye dirisha la kanisa, askari wamejipanga mbele ya miguu yake. Ndani wimbo ulipoanza aliudaka kwa sauti ya kwanza, kichwa juu, akaupandisha mpaka kule ambako hakuna mwingine aliyeweza kufika. Kwaya ikamfuata. Watu waliokuwa wakipita na makasia walisimama kusikiliza, na kapteni aliwaamuru askari wake wapige saluti.

Mzee Chishimba alimwacha amalize beti zote. Kisha akaumega mkate, akaanza na Kapembwa.